Kumshukuru Mwizi

Mimi kulaani najua. Tangu asubuhi ile tulipokuta okidi yetu imekatwa kichipukizi, miaka sita sasa, haikupita wiki bila kumlaani mwizi, yeye na ukoo wake mzima, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mfereji.

Haikuwa okidi ya sokoni. Marehemu mume wangu, Thawil, alichukua okidi ya aina ya vanda, ya buluu, yenye maua mapana kama kisahani, akaizalisha na nyingine ndogo yenye harufu tamu, akangoja miaka saba. Katika miche chotara mia tatu, mmoja tu ulirithi vyote viwili, rangi ya mama na harufu ya baba. Akaupa jina langu, Lamyai. Ukaning'inia uani chini ya wavu wa kivuli, mizizi hewani, na watu wakatoka hadi mjini Nakhon Pathom kuja kuunusa.

Kilichoniudhi zaidi ni mwizi kuwa na adabu. Alikata kwa kisu safi, kisha akapaka kidonda chokaa nyekundu ya tambuu ili mti usioze. Thawil alikitazama kidonda kile, akacheka. Mwizi anayeuguza, alisema, si wa kulaaniwa. Nikamwambia basi aende akamwoe.

Mwaka huu moyo wake ukasimama, akaniacha. Nikabaki na nia moja tu: siku ya mia tangu afe, watawa wa Kibudha watakapokuja kumsomea, ua la Lamyai liwe mbele ya picha yake. Niliuhudumia ule mti kuliko nilivyowahi kumhudumia mwenyewe. Asubuhi maji, jioni maji. Kila nilipomkumbuka, maji, na mvua nazo zilikuwa hazikatiki.

Siku ya themanini kitovu cha mti kilikuwa cheusi. Nikagusa jani moja, yakaja yote mkononi. Vanda isipokauka kabla ya giza huoza, hata watoto wa kwetu wanalijua hilo, na mimi nilikaa na mkulima miaka thelathini na mmoja! Nilijiambia nimemuua Thawil mara ya pili. Nililia kuliko siku tuliyouchoma mwili wake kwa desturi yetu.

Asubuhi ya siku ya mia nilikuwa nakuna nazi ya mchuzi wa watawa, macho yamevimba, mbele ya picha nimeweka mayungiyungi ya kununua. Akaingia jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, mzee Chaluay, kwa mlango wa nyuma, akaweka chini kitu kilichofunikwa kitambaa. Ana miaka sabini, na bado alitangulia yeye kuunganisha viganja kunisalimu, mimi mdogo wake niliyepaswa kuanza. Nikajua ana jambo.

Harufu ilinifikia kabla hajafunua. Ulikuwa Lamyai, mnene, una mashada mawili ya maua ya buluu.

"Kumbe ni wewe," nikasema.

"Ni mimi, dada. Niliutamani, kuomba nikaona aibu. Thawil akauona kwangu mwezi uleule."

"Asiniambie?"

"Nilitaka kuurudisha, akakataa. Akasema, 'Kaa nao, na mke wangu asijue. Huyo akikipenda kitu, anakimwagilia mpaka kinakufa.' Kila Jumapili alikuja kuutazama."

Kila Jumapili! Na mimi namfungia wali, nikijua anakwenda kucheza drafti. Nilitaka kukasirika, hasira zikagoma kuja. Nikacheka mpaka nikakaa kwenye machicha ya nazi, kicheko kikageuka kilio, na mzee wa watu amesimama pale hajui aweke wapi mikono. Miaka sita nimemtukana, yeye anasikia, ananyamaza, anautunza mti wenye jina langu.

"Asante, mwizi wangu," nikamwambia. "Asante sana. Nisamehe mdomo wangu."

Nikakata shada moja, nikaliweka mbele ya picha. Nyumba nzima ikanukia, na kwa mara ya kwanza tangu afe niliweza kumtazama usoni. Kisha nikauchukua mti, nikamrudishia Chaluay mikononi.

"Ni wako, dada," akasema.

"Ni wangu, ndiyo maana nataka mti ukae kwako. Jumapili nitakuja kuutazama. Ukiniona nimeshika ndoo, nifukuze."