Nusu Mzuka

Bi Taratibu alifuta mstari wa tatu kwa kiganja, akauandika upya, ukatoka vilevile.

Hakushtuka. Alikaa juu ya dawati, miguu ikining'inia, akautazama ubao kama unavyomtazama jirani anayekusemesha nyuma ya dirisha lililofungwa. Midomo inacheza, sauti haifiki.

Jina la Taratibu alipewa na wenzake kwa sababu hakuwahi kuharakisha hesabu. Asubuhi alifundisha vijana wa mwaka wa kwanza hapo chuoni, mchana alirudi kwenye ubao wake kuwinda mizuka. Ndivyo wanafizikia wanavyokiita kitu chenyewe. Ukiandika kanuni ya maumbile ambamo nishati haitegemei mwendo tu, bali hata jinsi mwendo huo unavyobadilika, hujitokeza ndani yake mtikisiko wa ziada usio na sakafu, yaani nishati yake hushuka bila kikomo. Huzama, huzama tena, na kila unapozama mingine hupanda, na jumla ya nishati haibadiliki. Chungu kinachemka bila moto. Dunia ya namna hiyo isingedumu hata kufumba na kufumbua.

Dawa yake ni kizuizi, yaani sharti dogo linaloufunga ule mtikisiko usiwe huru. Lakini kufunga leo hakutoshi. Lazima uulize kama kesho kitakuwa kinashika bado. Swali hilo likijibiwa vizuri huzaa kizuizi cha pili, na hapo mzuka umekwisha: kimoja kimeshika kichwa, kimoja miguu.

Kwa uga mmoja, yaani kitu kimoja kilichoenea kila mahali kama joto chumbani, hesabu hiyo aliipiga zamani. Kizuizi kikipimwa dhidi ya chenyewe hutoa sifuri, hata mtoto ataona, na sifuri hiyo ndiyo inayozaa kizuizi cha pili. Kisha akaja kwenye nyuga mbili, ambazo ndizo tasnifu yake nzima, akaandika: na kwa mbili ni vivyo hivyo. Msimamizi wake akapitisha. Ndiye aliyemfundisha kwamba mtu mzima hafungui kila kifundo mbele ya watu.

Leo amekifungua. Kizuizi cha uga huu kilipimwa dhidi ya kizuizi cha uga ule, na jibu halikuwa sifuri. Basi hakuna cha pili kinachozaliwa. Kila mzuka umefungwa nusu.

Na kesho watahini wanakaa. Akifaulu, atabaki kufundisha. Asipofaulu, mkataba wake unaisha, na chumba hiki kitapata mwenyewe mwingine. Alilijua hilo kama mtu anavyojua jina la mji wa mbali.

Msimamizi aliingia na kikombe cha chai.

"Bado upo? Nenda ukapumzike, binti yangu. Kesho ni siku yako."

"Mzee, tazama mstari wa tatu."

Alitazama. Akaweka kikombe dirishani, akachukua chaki, akajaribu pembeni, akafuta, akajaribu kwa njia nyingine. Mwisho alipangusa mikono kwenye suruali.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Basi. Wale watahini hawatafika hapo. Yule wa kutoka nje husoma utangulizi na hitimisho, katikati anaruka kama mbuzi."

"Akifika?"

"Mwambie utalishughulikia baadaye. Nani kati yetu hana la baadaye?"

"Kichwa cha tasnifu kinasema nimeiondoa mizuka."

"Kichwa ni kichwa tu."

Bi Taratibu alisubiri hasira ije, au aibu, au hata woga. Kifua kilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: wako, lakini si wako.

"Nitawaambia," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa saa. "Nitaanzia hapo hapo."

"Na mimi niliyetia sahihi?"

"Nitasema kosa ni langu. Mwandiko ni wangu."

"Na kazi je, binti?"

Alitafuta mkoba wake, akaukuta begani.

Nyumbani mama yake alikuwa uani anafua.

"Haya, mizuka yako imekufa?"

"Nusu, mama."

"Nusu ipi? Ya kula au ya kutembea?"

"Ya kutembea imebaki."

"Basi umebakiza iliyo mbaya. Ya kula ungeitega kwa makombo."

Alijua hapo ni mahali pa kucheka, akanyoosha midomo. Mama akamkazia macho.

"Umekula?"

"Sikumbuki."

"Asiyekumbuka hajala. Njoo, shika shuka kwanza."

Wakaikamua, mama akisokota kulia, mwana kushoto, maji yakiwadondokea miguuni.

"Kwa hiyo kesho watakufukuza?"

"Huenda. Nitawaambia mwenyewe kwamba kazi haijakamilika."

Mama alisokota tena. "Waambie asubuhi, kabla hawajachoka," alisema. "Vuta kwako. Bado inadondoka."

Shuka ilipoacha kudondoka, mama aliinamisha beseni kwa mguu. Maji yalikwenda yakisukuma povu mbele yake, yakazunguka jiwe, yakafika kwenye ufa chini ya ukuta, yakaanza kuingia. Wote wawili walisimama na shuka katikati yao, wakiangalia kama ufa utajaa.