Mtihani wa Wazazi

"Tangazo, tangazo, tangazo! Kwa heshima na taadhima, wazazi wote wenye watoto katika shule ya msingi ya mtaa wetu mnaarifiwa, mnakumbushwa na mnasisitizwa kuhudhuria mkutano mkuu siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, ambapo hatima ya elimu katika Kasingirima itaamuliwa. Panya, mende, kunguni, viroboto, wote wanakufa!"

Maneno ya mwisho hayakutoka serikali ya mtaa. Kipaza sauti kilikuwa cha muuza sumu ya panya, na kila mara kidole cha Meshack kilipoteleza kwenye kitufe, sauti iliyorekodiwa ya mwenye mali ilijitokeza kudai haki yake. Meshack hakutetereka. Alikuwa amepakiwa nyuma ya pikipiki ya rafiki yake Bonaventura, ndani ya koti la marehemu babu yake, shingo ameinyoosha kama waziri anayekwenda kuzindua kisima. Mzee Oswald, mwenyekiti wa mtaa, ndiye aliyempa kazi hiyo, akiamini kwamba mtoto wa bweni aliyerudi likizo atasoma tangazo bila kuliharibu. Hayo ndiyo yalikuwa makosa ya Mzee Oswald.

Jambo lenyewe lilikuwa zito. Taasisi moja ilikuwa imeomba kukabidhiwa shule kwa mkataba wa miaka mitano. Shule ingebaki ya serikali, bila ada, na fedha zilizokuwa zikitolewa kwa kila mwanafunzi zingeendelea kutolewa. Ila taasisi ndiyo ingeajiri walimu, ingepanga ratiba, na ingekuwa huru kutokana na taratibu kadhaa zinazozifunga shule nyingine. Watoto wasipofaulu, mkataba unavunjwa. Waliounga mkono walisema darasa lenye watoto mia na ushee haliwezi kuharibika zaidi, basi bora lijaribiwe. Waliopinga walisema anayepimwa kwa ufaulu atawapenda wanaofaulu. Wengine watasukumwa polepole kwenda shule ya jirani, nayo itazidi kudidimia.

Mama yake Meshack, Leonia, muuza dagaa, hakuwa upande wowote. Alikuwa na swali moja tu. Binti yake Diana, wa darasa la nne, alikuwa hasikii kwa sikio moja, na mitihani haikumpenda. Leonia alitaka kusimama mkutanoni aulize: huyu wangu mtambakiza, au mtamwondoa ili hesabu zenu zipendeze? Wiki nzima aliwaambia wanawake wenzake pale mwaloni, ufukweni dagaa wanakoshushwa, kwamba hatapiga kura kabla hajajibiwa, na wengi wakasema watamfuata yeye.

Meshack aliyajua yote hayo. Lakini jua lilikuwa kali, tangazo lilikuwa fupi, na huko bwenini alikuwa amejijengea jina la bingwa wa mizaha ambalo likizo isingefaa kulilaza. Walipokata kona ya sokoni aliongeza kwa sauti ya mazishi:

"Aidha, wazazi nao watafanyiwa usaili wa kusoma, kuandika na kuhesabu, kwani tunda halisifiwi kabla mti haujakaguliwa."

Bonaventura alicheka nusura awatie mtaroni.

Kufikia magharibi mtaa mzima ulikuwa unadurusu. Wanaume wazima walionekana wakiwauliza wajukuu wao jedwali la saba. Nyabenda, jirani yao ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alikuja kumuuliza Meshack kwa adabu kama mtihani utaruhusiwa kwa Kirundi. Meshack alijikohoza akamjibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Kisha alikwenda nyuma ya nyumba akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Jumamosi ilipofika uwanja wa shule ulikuwa nusu mtupu. Waliokuja walikuwa walimu, karani wa bandarini, wenye maduka, na kinyozi mmoja aliyebeba rula na bikari. Bi Shadia, mwakilishi wa taasisi, alieleza mpango wake vizuri. Hakuna aliyemuuliza kuhusu watoto wazito wa kusoma, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mtoto wa aina hiyo nyumbani. Mzee Oswald alisema basi tupige kura, na mikono ilionekana tayari kupanda yote pamoja.

Meshack alimtafuta mama yake kwa macho. Asubuhi alimwacha ameshaoga, amevaa kitenge chake cha sikukuu. Hakuwapo. Nyabenda hakuwapo. Wa mwaloni hakuwapo hata mmoja.

Bi Shadia naye aliona. Aliuliza mbona wazazi ni wachache hivi, na kinyozi akamjibu kwamba wengine wameukimbia mtihani.

"Mtihani gani?" aliuliza Bi Shadia.

Mzee Oswald aligeuka taratibu. "Meshack. Nilikupa mtihani wa kutangaza mimi?"

"Shikamoo, mzee," alisema Meshack, ingawa walikwisha kuamkiana. Kisha alieleza kwamba kipaza sauti kile kina matatizo, kinachanganya matangazo, kila mtu alisikia habari za panya.

Mzee hakuridhika, lakini hakuwa na ushahidi. Alimwambia akimbie akawaite waliobaki; wangewasubiri kidogo, si mpaka jioni.

Meshack alikimbia kuteremka ziwani. Kwenye mchanga, dagaa walikuwa wameanikwa na hakuna aliyewageuza. Wanawake walikuwa wameketi kwa safu, na mbele yao alisimama Diana na kijiti, akiwatahini. Kwa ajili ya sikio lake walilazimika kujibu kwa kupiga kelele, na nane mara saba ilikuwa imepata majibu matatu tofauti. Leonia alikuwa kando, kitenge cha sikukuu kikiwa na magamba.

"Mwanangu, nimeshindwa," alimwambia. "Siendi. Nikianguka mimi, watasema mtoto kanirithi, wamwondoe kwa sababu yangu. Bora wasinione."

Meshack alitoa habari njema kwa njia aliyoiona salama. Alisema mtihani umefutwa.

Wanawake walishusha pumzi. Leonia aliinua mikono kumshukuru Mungu, kisha akauliza nani mwenye huruma aliyeufuta, ili akamshukuru.

"Serikali," alisema Meshack.

Diana alikuwa akimtazama. Mtoto asiyesikia vizuri husoma nyuso, na uso wa kaka yake alikwisha kuusoma kuliko kitabu chochote.

"Siku ile nilikuona sokoni kwenye pikipiki, ulikuwa unacheka," alisema. "Midomo ilisema mtihani, macho yalikuwa yanacheka. Na sasa unadanganya tena."

Nane mara saba ilisahauliwa. Meshack alitafuta sauti yake ya uwaziri, akaikosa. Iliyotoka ilikuwa ya mvulana tu.

"Hakuna mtihani, mama. Hakukuwa nao. Niliutunga mimi, nilitaka kucheka. Na kule shuleni nimesingizia kipaza sauti. Wanakaribia kupiga kura, na swali lako hakuna aliyeliuliza."

Leonia aliinuka. Kisha alikung'uta magamba kwenye kitenge, akamshika Diana mkono.

"Tangulia," alisema. "Swali nitauliza mwenyewe. Hayo uliyosema, utaanza nayo wewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Meshack alipanda jukwaani bila koti na bila kipaza sauti, mbele ya uwanja uliokuwa ukijaa.

"Mzee mwenyekiti," alianza, "kile chombo hakina tatizo lolote. Ni mimi."