Mrefu na Mfupi

Nilikata vibaya vioo vyote ishirini na vinne, na vya akiba havikuwepo.

Kaka alichukua cha kwanza akakipachika kwenye fremu. Kilipita. Kilidumbukia ndani ya taa kama sarafu kwenye kibubu. Akachukua cha pili, nacho kikapita.

"Profesa," akasema, "ulipima nini?"

Profesa ni mimi. Niliacha shule darasa la tano, na tangu siku ile kaka hakuniita jina jingine. Yeye fundi bati, mimi mkata vioo, karakana moja, utani kutwa.

Taa ile aliianza wakati presha ya macho imeshamla jicho la kushoto. La kulia lilimbakizia tundu dogo tu, kama mtu anayechungulia penye tundu la ufunguo. Daktari hakumzungusha: miezi, si miaka. Kaka akasema kabla halijafunga anataka aone taa moja ikiwaka, taa ambayo hakuna fundi tuliyemjua aliyewahi kuijaribu: duara kama mpira, la nyuso ishirini na nne, kila uso umbo la tiara, zimeshikana ubavu kwa ubavu pande zote. Akailehemu fremu miezi mitano, pua karibu iguse bati, kope zikiungua. Vioo vilikuwa vya rangi ya asali. Marehemu baba alivibandua kwenye madirisha ya kiwanda kilichokuwa kinabomolewa. Vilitosha kazi ile tu, bila kipande cha kukosea.

Alinichongea kielelezo cha kadibodi cha uso mmoja. Nikakitundika msumarini bila kukitazama.

"Mimi si mtoto wa chekechea. Nitajie vipimo."

"Mrefu, kumi na tano. Mfupi, kumi na moja na milimita sita."

"Basi?"

"Basi, Profesa. Usije ukaniletea sahani."

Tukacheka. Nikaingia kazini.

Utotoni tulikuwa tukiunda tiara za magazeti. Kijiti cha kusimama tulikiita mrefu, cha kukingama tulikiita mfupi. Yeye anataja, mimi nakata. Zilipaa. Basi siku ile nilimsikia kaka wa tiara, nikapima kusimama na kukingama. Kumbe aliyesema ni fundi, na fundi alikuwa anataja kingo: ukingo mrefu, ukingo mfupi. Tiara zake zilikuwa pana, zimenona. Mimi nilikata zile nyembamba za watoto. Na kadibodi iko msumarini, hatua mbili kutoka mezani kwangu.

"Tengeneza fremu nyingine, kaka. Ndogo, ya kufuata hivi vioo."

"Kwa macho gani?"

Hakupandisha sauti. Akaokota kioo kimoja, akapitisha kidole gumba pembeni mwake, taratibu, mzunguko mzima.

"Lakini umekata vizuri," akasema. "Hakikwaruzi."

Afadhali angenipiga.

Wiki ya tisa baada ya hapo jicho likafunga. Fremu ingali inaning'inia karakanani, matundu ishirini na manne, upepo unapita. Wakati mwingine namkuta ameinua mikono anayapapasa, moja moja, kama anayehakikisha hakuna lililopungua.

Basi taa ile ilikula vioo vyote vya baba. Ilikula miezi mitano ya jicho lililobaki, ambayo angeweza kuwatazama wanawe. Ikamla na Profesa. Siku hizi kaka ananiita kwa jina langu, kama wanavyoniita wateja.