Kimya cha Msimu wa Palizi

Wenzake wodini walishangilia. Notburga hakushangilia. Palizi ya mahindi ilikuwa imepamba moto, msimu ambao kila mwaka uliwaletea vijana waliojaribu kujitoa uhai kwa dawa za shambani, na mwaka huu hakuletwa hata mmoja. "Mungu mkubwa!" akasema daktari. Mkubwa kweli, lakini nesi wa siku nyingi anajua kimya kingi kina mshindo mkubwa. Je, kama watu wanawaficha majumbani kwa kuogopa polisi, maana kujaribu kujiua ni kesi?

Aliyemnyima usingizi hasa ni Violeth wa kijiji cha Maposeni. Mwaka jana alimshika mkono binti yule mpaka akafumbua macho. Akawa anakuja kliniki vizuri tu, kisha kimya. Simu haipatikani. Basi Jumamosi Notburga akadandia bodaboda, na uso aliokuwa nao ukamfanya dereva aulize kama anakwenda msibani.

"Koma!" akamjibu.

Uani kwa bibi yake Violeth, Getruda, akakuta vijana wanapukuchua mahindi ya msimu uliopita na kubishana mpira. Aliyekuwa akicheka kuliko wote ni Violeth. Notburga akamwendea moja kwa moja.

"Wewe mtoto! Simu yako iko wapi?"

"Ilitumbukia kisimani, sista. Nafuata kliniki ya Peramiho siku hizi, ni karibu. Shikamoo!"

"Marahaba, mshenzi wewe," akasema, machozi yakimtoka bila aibu.

Getruda akamweleza. Baada ya yaliyompata mjukuu wake, akina mama walikusanya dawa zote za shambani wakazifungia kwake, na ufunguo anaulalia yeye. Anayefuata dawa hapewi mlangoni. Atakaa, atapukuchua, atakula, ataongea. Violeth atamtazama usoni, maana yeye sura ile anaijua. Mwenye uso mzito hapewi kitu. Haachwi peke yake, na anasindikizwa kwa mganga wa kliniki mapema, akitembea kwa miguu yake.

"Hawakasiriki?"

"Wee! Wanatutukana matusi ya nguoni," akasema bibi. "Waache watukane. Wako hai."

Notburga akashusha pumzi ndefu, akaomba maji aondoke.

"Huondoki," Violeth akamsogezea kigoda na hindi. "Uso huo siupendi. Kaa. Haya, nani anakusumbua?"

Notburga akakaa, akapukuchua kidogo.

"Ni wewe, mwanangu," akasema. "Ulikuwa ni wewe tu."