Pimbi Mwenye Sweta la Kijani

Kazi yangu nimechoka kuieleza. Nikisema nachora, watu wananiletea mabango ya saluni. Nikisema nachora wanyama, wananiuliza kama ni kwa ajili ya vitabu vya chekechea. Basi nitaieleza mara moja tu, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana mbele huko sijui kama atapata nafasi.

Kuna watu, wengi wako Ulaya na Amerika, wanaojiita watu wa manyoya. Kila mmoja ana mnyama wake. Siyo wa kufuga. Ni yeye mwenyewe, vile anavyojiona angekuwa kama angezaliwa mnyama: anasimama kwa miguu miwili, anavaa suruali, ana jina. Mhasibu mmoja wa huko ni mbwa mwitu. Nesi mmoja ni sungura mwenye miwani. Wanataka wachorwe wakinywa chai, wakiendesha pikipiki, au wakiwa wamekaa tu, na mimi ndiye ninayewachora. Wanatuma oda kwenye simu, natuma rasimu, wanasema mkia uongezwe, naongeza, wanalipa. Nimepanga chumba kwenye mji mdogo wa Dongobesh, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu hapo umeme na mtandao havinisumbui sana. Kishikwambi nilikinunua kwa mwalimu mmoja wa Tanga aliyekuwa anahama. Kiingereza changu ni cha shule, lakini kuulizia rangi ya macho kinatosha.

Mwiko wa kazi hii ni mmoja: mnyama ni wa mwenyewe. Hata kama ni wewe uliyembuni, ukishamuuza si wako tena. Humchori kwa kujifurahisha, humwonyeshi watu, humpi mwingine. Hakuna mahakama ya jambo hilo. Ni uaminifu tu, na mchoraji akiuvunja, habari zake zinazunguka siku hiyo hiyo na oda zinakauka. Mimi sijawahi kuuvunja, na sisemi hivyo kwa kujisifu.

Mdogo wangu aliitwa Letisia. Alikuwa wa mwisho kwa mama yetu, na moyo wake ulikuwa na tatizo kwenye valvu tangu yuko darasa la tano. Kwetu ni kijiji cha Nambis, na Nambis asubuhi ni baridi kweli. Yeye baridi ilimwingia kuliko sisi wote, kwa hiyo jua likitoka tu alikuwa anakwenda kukaa juu ya jiwe kubwa nyuma ya zizi, amevaa sweta lake la shule. Pimbi nao huota jua pale pale. Kwanza walikuwa wanakimbia, baadaye wakamzoea, wakawa wanakaa naye kama majirani.

Nilimtania kwamba sasa amekuwa mmoja wao.

"Afadhali," akasema. "Pimbi hatumwi maji."

Siku hiyo hiyo nikamchora. Pimbi mnene, masikio madogo ya mviringo, amekaa juu ya jiwe na miguu inaning'inia. Sweta la kijani, na kiwiko kimoja kimefumwa kwa uzi wa bluu kwa sababu mama alikosa uzi wa kijani mnadani. Macho yamefumbwa nusu kwa ajili ya jua. Mdomo umefungwa, lakini unaona kabisa kwamba anacheka, maana Letisia alikuwa anacheka hivyo. Pumzi haikumtosha kucheka kwa sauti.

Mama yangu, Fransiska, hakuwahi kuielewa kazi yangu. Alipomwona yule mbwa mwitu mhasibu alifanya ishara ya msalaba, akaniuliza kama paroko anajua. Lakini nilipompelekea pimbi, alikuwa uani anachambua vitunguu saumu, akajifuta mikono kwenye kanga, akakishika kishikwambi, akamtazama. Kisha akamwambia pimbi, si mimi, "Na wewe, soksi zako ziko wapi na baridi yote hii?"

Sijawahi kulipwa vizuri kuliko siku ile.

Nilimweka pimbi kwenye picha zangu za mfano, zile ambazo wateja hutazama kabla ya kuagiza. Haukupita mwezi, mtu mmoja wa Kanada akaandika kwamba anamtaka. Si kuchorewa anayefanana naye, anamtaka yeye. Nikakataa. Akaomba tena, kwa adabu, nikakataa tena. Halafu daktari akasema Letisia apelekwe hospitali kubwa, mkoa mwingine, na sisi tulikuwa tumeshauza ng'ombe wa kuuzwa. Letisia aliyasikia maongezi yetu akiwa kitandani.

"Muuze," akaniambia.

"Simuuzi. Ni wewe yule."

"Mimi niko hapa, Zita. Yule ni picha. Muuze, nifike Kanada bila viza."

Tukacheka wote wawili, yeye kwa mdomo wake uliofungwa. Nikamuuza. Mnunuzi aliniomba kitu kimoja zaidi, kwamba nisibaki na nakala, kwa sababu alitaka pimbi awe wake peke yake duniani. Mchoraji mwingine angesema sawa halafu akaificha nakala mahali. Mimi nilifuta. Nilifuta hata kule kwenye kapu la takataka la kishikwambi, kwa uaminifu wangu wa kijinga, kwa sababu mwenyewe, mwenye ile sura, alikuwa chumba cha pili anakunywa uji.

Hospitali tulifika, na waliomtibu walifanya walichoweza. Alirudi nyumbani, akaota jua juu ya jiwe lake wiki tatu. Akafariki Jumanne moja mwishoni mwa Februari, ana miaka kumi na saba. Tulimzika na sweta lake. Mama ndiye aliyetaka hivyo. Alisema huko anakokwenda kuna baridi.

Wiki mbili baada ya mazishi, yule mtu wa Kanada akatuma oda. Alikuwa amempa pimbi jina la Rufo, na katika kazi yetu mteja tunamwita kwa jina la mnyama wake, kwa hiyo naye nikawa namwita Rufo. Aliomba nimchore tena, safari hii avae jaketi la ngozi badala ya sweta.

Ningeweza kusema nina msiba. Ningeweza kusema foleni imejaa. Lakini nilikaa nikaitazama ile oda, nikaona kwamba kwa mwiko wa kazi yetu, ile ndiyo njia pekee niliyobakiwa nayo ya kumchora mdogo wangu. Nikamvua sweta, nikamvisha jaketi. Nililia tangu rasimu mpaka rangi ya mwisho, na mteja aliandika kwamba amependa sana macho.

Akaagiza tena. Safari hiyo mdomo uwe wazi, meno yaonekane, acheke hasa. Nikamfungua mdomo. Baadaye awe mrefu kidogo. Baadaye macho yafunguke, maana yakiwa nusu anaonekana amechoka. Oda tisa kabla mwaka haujaisha, na zote nilizichukua, na kila nilipotuma picha nilifuta nakala yangu kama ile ya kwanza. Nilikuwa nazingoja, nisidanganye. Wateja wengine nilikuwa nawaweka kwenye foleni, Rufo nilikuwa namtanguliza. Na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa analipa kwa wakati, ananiuliza kama mvua zimenyesha, na siku moja aliniandikia kwamba kuna kipindi hakuwa anaweza kutoka kitandani, na pimbi ndiye aliyemtoa. Letisia sikumtaja kwake hata mara moja.

Januari mama akaanza kuzungumzia misa ya kutimiza mwaka tangu Letisia afariki. Alikuwa ameshanunua fremu, ya mbao, na mahali pa kuitundika ameshapaona, kando ya kalenda ya parokia. Nikamwambia nitasafisha picha ya Letisia, ile ya kujiandikishia mtihani.

"Ile hapana," akasema. "Pale uso umevimba, siye yeye. Nataka yule pimbi."

"Mama, yule niliuza."

"Najua uliuza. Si mkono wako uliomchora? Mchore tena."

Mwiko wa kazi yetu mama asingeuelewa. Nikarudi Dongobesh, nikamwandikia Rufo, na safari hii nikaeleza yote: jiwe, valvu, sweta, Jumanne. Nikamwomba picha ya kwanza, ile aliyoinunua, au kama haiwezekani, ruhusa ya kumchora mara moja kwa ajili ya mama.

Alijibu kesho yake, barua ndefu. Alisema amelia. Alisema angejua, asingegusa hata uzi mmoja wa lile sweta. Ile picha ya kwanza hakuwa nayo tena. Kompyuta yake ya zamani ilikufa na kila kitu, hata ile ya kwanza ya jaketi, na hakuhangaika kuzitafuta kwa sababu alikuwa na hizi mpya nilizomchorea. "Lakini mchore," aliandika. "Mchore kwa ajili ya mama yako. Si lazima mimi nimwone. Huyo ni wenu."

Nilifurahi. Nasema kweli, asubuhi ile niliteremka barabarani nikanunua maandazi, nikarudi nikafunga mlango, nikakaa kumchora mdogo wangu.

Mkono ukamchora Rufo.

Nikafuta, nikaanza upya. Nikafumba macho ya pimbi nusu, akawa Rufo mwenye usingizi. Nikamfunga mdomo, akawa Rufo aliyenuna. Nikapunguza urefu, nikamvisha sweta, akawa Rufo aliyeazima nguo. Mabega yalikuwa yake, kidevu kilikuwa chake. Halafu nikafika kwenye kiwiko na kalamu ikasimama. Uzi wa bluu ulikuwa mkono gani? Kushoto nilipomtazama mimi, au kushoto kwake yeye? Sweta lenyewe liko chini ya udongo na mwenyewe. Nilijaribu kumwona juu ya jiwe, nikifumba macho, na kila aliponigeukia alikuwa na meno yaliyo nje na jaketi la ngozi. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na mimi niliteleza mara kumi na moja, siku nne mfululizo, mpaka nikaogopa kufumba macho.

Wa kumi na mbili nilimpa kila kitu. Nilikaa naye tangu asubuhi hadi ng'ombe wa jirani walipokuwa wanarudi. Alikuwa mchoro mzuri, labda mzuri kuliko wote niliowahi kuchora. Kiwiko cha bluu nilikiweka kushoto, kwa kubahatisha. Nikajiambia kwamba sioni vizuri kwa sababu ya uchovu, kwamba mama atamwona. Mama alimjua mara ya kwanza bila kuambiwa na mtu.

Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka Nambis. Mama alikuwa uani na vitunguu saumu vyake, na fremu alikuwa ameshaitoa ndani, iko juu ya kigoda, bado ina karatasi ya dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Leta nione."

Akajifuta mikono kwenye kanga kama ile siku. Akakishika kishikwambi, akakisogeza mbali kidogo, akakirudisha karibu. Akatazama sana. Jiwe nyuma ya zizi lilikuwa na jua na pimbi wawili watatu walikuwa juu yake, nami nikawatazama hao, kwa sababu nilishindwa kumtazama mama. Nilikuwa nangoja soksi. Kitu kingine sikukitaka duniani zaidi ya kusikia mama akigombeza juu ya soksi.

"Mzuri," mama akasema. "Kweli kazi unaiweza siku hizi. Na sweta amependeza."

Akakiinamisha kishikwambi kidogo kukwepa jua.

"Huyu ni wa mteja?"

Aliuliza kwa upole tu, kama anavyoulizia wanyama wangu wote. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo nimwambie ni nani yule, halafu nikaona kwamba nikishamwambia, atajilazimisha kumwona, na atamtundika, na atamtazama kila siku akimtafuta mtoto wake humo ndani.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni wa mteja."

Akanirudishia kishikwambi kwa mikono miwili, kwa uangalifu, vile anavyorudisha kitu cha mtu.

"Basi ukimaliza za watu," akasema, "nichoree Letisia. Fremu ninayo."

"Sawa, mama," nikamwambia, nikavuta kigoda kingine, nikakaa kumsaidia kuchambua vitunguu.