Mgeni Rasmi na Upepo wa Kiang'ombe

Nelius alishamwambia babake mara ngapi kwamba mlima wa Kiang'ombe una hewa nzuri asubuhi? Jua likianza kupasha miamba, upepo mwororo hupanda kutoka bondeni, na mwenye bawa la kurukia, lile mfano wa parachuti, hubebwa taratibu kama mtoto mgongoni. Saa sita ikipita, joto huja kwa fujo na hewa huanza kurusharusha watu.

Lakini mzee Njiru alikuwa ameita watu. Tena aliweka sharti: binti yake akiruka mbele ya wageni, kipande cha shamba kule ukingoni mwa mlima kingekuwa chake, awafundishe wengine kuruka. Asiporuka, Jumatatu kinapandwa muguka, ile miraa ya majani inayouzwa sokoni. Nelius hakuwa na kiwanja kingine.

Saa nne upepo ukawa mzuri ajabu. Kitambaa chekundu alichofunga kwenye fimbo kilipepea kuelekea mlimani.

"Baba, wacha niruke sasa."

"Na mheshimiwa hajafika? Wee! Mgeni rasmi ndiye anafungua."

Mheshimiwa diwani alifika saa nane, akala, akahutubu, akashukuru hata waliokodisha viti. Nelius alitazama kitambaa tu. Kikalegea, kisha kikageukia bondeni. Hewa sasa ilikuwa inashuka mlima, na kuruka ikikusukuma mgongoni ni kuomba bawa likukunjikie juu ya mawe.

Binamu yake Gachoki, aliyeshika maikrofoni, akamwita. Watu wakapiga makofi.

"Siruki," Nelius akasema. Akakionyesha kitambaa kwa kidole.

"Si hata mvua hakuna! Ruka tu kidogo, cuzo, watu waone."

"Hewa imeharibika. Siruki."

Mzee Njiru akasogea, akanong'ona, "Nelius, unanivua nguo mbele ya watu?"

"Heri nikuaibishe, Baba, kuliko unizike."

Watu wakatawanyika wakicheka, na mheshimiwa akaondoka bila kuaga. Mzee akabaki akikunja hema la wageni, amenuna. Nelius naye akakaa pale pale karibu na fimbo yake. Hakuwa na nia ya kurudi nyumbani hivyo.

Jua lilipopoa, kitambaa kikainuka, kikaelekea mlimani tena, safari hii bila papara. Nelius akafunga mikanda, akatandaza bawa, akakimbia. Ardhi ikamwacha. Akapita juu ya hema lililokunjwa nusu, akamwona babake amesimama, mdomo wazi, kamba mkononi. Alicheka kwa sauti huko juu, machozi yakimtoka.

Jumatatu mzee alipanda mlimani na panga. Nelius akamfuata mbio, roho mkononi. Alimkuta anafyeka vichaka ukingoni, pale pa kuanzia kukimbia, simu sikioni.

"Karibu tena Jumamosi, mheshimiwa. Saa nne." Akasikiliza kidogo. "Hapana, hatutangoja. Ukichelewa, utamkuta ameshatua."