Mke wa Redioni

Mwandishi wa michezo ya redio alikuwa akipiga pasi sketi ya kazini pale mke wa redioni alipobisha hodi, akavua viatu mlangoni na kuomba maji ya kunywa. Mwandishi alimtambua kwa sauti. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyemtungia "Abee mume wangu" na "Nisamehe mume wangu," pamoja na kilio cha kila Ijumaa. Shavu lake lilikuwa limevimba kwa kofi la kipindi kilichopita.

"Dada, nimechoka," alisema. "Nataka kuondoka kwa yule bwana."

"Hata mimi nimechoka, mwenzangu. Lakini mkuu wa vipindi anasema wewe ni mfano wa kuigwa."

"Yeye amewahi kupigwa?"

Mwandishi akageuza sketi upande wa pili. Alikuwa mwoga, na alijijua. Zamani alikuwa na kalamu kali. Mkuu akamkatia mistari, akamkatia tena, mpaka akazoea kujikata mwenyewe. Siku hizi aliandika kama anayefua nguo za watu, alimradi zirudi safi kwa mwenyewe.

Mke akalala kwenye kochi. Asubuhi, mama yake mwandishi alimkanda shavu kwa maji ya moto.

"Mtoe huyu kwa mumewe, mwanangu," mama alisema. "Au unangoja auawe ndipo utuandikie msiba mzuri?"

Mwandishi akakaa mezani. Akaandika "Nisamehe," akafuta, akaandika tena. Mke alikuwa pembeni akimenya vitunguu.

"Andika tu, dada. Atakayetoka ni mimi, si wewe."

Maneno hayo yalimchoma. Akaandika: mke anafunga mzigo, mume anaita, mke haitiki, mlango unafungwa. Kilio hakuweka. Moyoni alisikia raha aliyokwisha kuisahau. Uvimbe wa shavu ukanywea pale pale. "Afadhali," mama akasema, akaenda kuanika nguo.

Kipindi kilirushwa kama kilivyo, maana mkuu alikuwa safarini na wengine hawakuwa na desturi ya kusoma. Aliporudi alimwita mwandishi ofisini, akamvutia kiti.

"Hujawahi kuandika vizuri namna hii," alisema. "Ndiyo sababu hatuwezi kuendelea na wewe."

Kazi akapewa mtu mwenye adabu zake.

Ijumaa iliyofuata wote watatu walikaa jikoni kusikiliza. Mume alikuwa ameshaoa mwingine. "Abee mume wangu," ilisema sauti changa, kisha likasikika kofi. Mama akazima redio.

"Huyu naye atafika hapa lini?" aliuliza.

"Mimi ilinichukua miaka," alisema mke. Akaondoa blanketi lake kwenye kochi, akajitandikia mkeka chini.

Mwandishi akaenda kutoa komeo la mlango hata hivyo.